Mzee Andongwisye Kibona, Mpigapicha wa Bondeni, na Salamu Anayodaiwa Nyumbani

Tarehe 31 Desemba 1956, Mzee Andongwisye Kibona, mpigapicha wa ofisi yetu ya wanyama hapa Vwawa, atakabidhi kamera na kustaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini. Tutamuaga Jumamosi tarehe 29 katika uwanja wa ofisi, na wasifu huu, ambao baadaye utachapwa gazetini, utasomwa kabla ya chakula. Nimeomba uwe kabla ya chakula makusudi, kwa sababu nawajua wenzangu, na nyama ikishapakuliwa hakuna atakayenisikiliza.

Ninayeandika ni Rubeni Nzunda, msafishaji picha. Kazi yangu ni kukaa katika chumba cha giza na kuosha kile ambacho Mzee Kibona amekiona porini. Kwa hiyo naweza kusema nimeiona dunia yake karibu yote, ila mimi nimeiona ikielea ndani ya karai la dawa. Nimeombwa niandike kwa ufupi, na nitajaribu.

Andongwisye alizaliwa kwa Wandali, katika milima ya Ileje, mwanzoni mwa karne hii. Alipokuwa bado mdogo baba yake alihamia Mbozi, akafungua shamba kwenye kilima kilicho juu ya Mlowo, akapanda mahindi, na baadaye kahawa. Boma hilo ndilo nyumbani kwake hadi leo. Alisoma shule ya misheni mpaka akajua kusoma, kuandika, na kuimba sauti ya nne, na sauti hiyo bado anayo, ingawa siku hizi inachelewa kidogo kufika.

Mwaka 1926 aliandikwa kazi ya upagazi katika safari ya Bwana Nyama, yaani mkuu wa ofisi ya wanyama, wa wakati ule, kwenda Mto Momba. Mzigo wake ulikuwa sanduku la kamera. Waliolibeba kabla yake walikuwa wakifika kambini wakilibwaga kama gunia la mahindi. Yeye alitandika blanketi lake chini kwanza, akalitua sanduku juu yake, na kwa kuwa hakutaka kulihamisha tena, akalala kwenye baridi bila blanketi. Bwana Nyama aliliona jambo lile. Safari iliyofuata Andongwisye hakuwa mpagazi tena, bali alifunguliwa sanduku na kuanza kufundishwa vilivyomo.

Kilichomo kikubwa kilikuwa lenzi ndefu. Kwa wasomaji wasioijua, ni bomba la chuma lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, ndani lina vioo, na kazi yake ni kuvuta kilicho mbali kikaja karibu. Mtu akisimama nayo upande huu wa bonde anaona kope za twiga aliye ng'ambo. Lakini ni chombo kisicho na huruma. Ukipumua vibaya, picha inatikisika. Jua likipanda sana, hewa ya kule Rukwa inacheza juu ya mchanga, na kila mnyama anaonekana kama amezama majini. Ndiyo sababu Mzee Kibona alifanya kazi asubuhi na jioni tu, na mchana akalala chini ya turubai, jambo lililowafanya makarani wapya wadhani ni mvivu, hadi walipopelekwa naye safari moja.

Masika yalikuwa adui yake, kwa kuwa ukungu hupenda kuota ndani ya vioo. Alikuwa na njia yake mwenyewe. Alikaanga mchele mkavu, akautia katika mfuko wa kitambaa, akauweka ndani ya sanduku la lenzi ili unyonye unyevu. Baada ya siku chache mchele ule uliingia chunguni na mwingine ukachukua nafasi yake, na kambini chakula hicho kiliitwa wali wa lenzi. Nimeula mara nyingi, wala macho yangu hayakuongezeka nguvu. Vioo alivifuta kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, marehemu Tusekile, ambaye sote tulimwita mama Tusekile, iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Vitambaa vilivyoletwa na ofisi alivipokea kwa heshima, kisha akafutia viatu.

Huko Mbangala wanamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1931 alifika kule wakati tembo wakimaliza mtama wa watu, na wanakijiji walipoliona bomba lake wakaamini kwamba hatimaye serikali imeleta bunduki inayotosha. Alieleza kwamba chombo hiki hakiui. Wakamwambia asiwe mchoyo. Mwishowe, ili wamwache afanye kazi, akaielekeza lenzi kwa tembo na kupiga picha yake, na tembo, kwa sababu wanazozijua wenyewe, wakageuka na kuondoka. Alirudishwa kambini kwa vigelegele na kupewa jogoo. Jina la Bwana Bomba lilianzia hapo, na kila alipopita Mbangala baadaye aliombwa awapige tembo tena kidogo.

Tembo haohao ndio waliompa sifa kubwa kazini. Ofisi ilikuwa imekusudia kulipunguza kundi zima kwa risasi. Andongwisye akakaa msimu mzima kwenye kingo za bonde, akapiga picha za masikio. Masikio ya tembo hayafanani, kila moja lina mpasuko na tundu lake. Tulipozipanga picha mezani ikaonekana kwamba walioingia mashambani walikuwa madume wawili tu, na mmoja alikuwa na sikio lililochanika hadi katikati. Wawili hao wakashughulikiwa, na wengine wakaachwa na watoto wao. Kundi hilo bado linanywa maji ya Mto Songwe, na nadhani hakuna hata tembo mmoja anayejua ni nani wa kumshukuru.

Yako mengine mengi. Ziko picha zake za sheshe, wale swala wa mabondeni, wakiruka madimbwi ya Rukwa, za ndege mwari weupe wakiinuka pamoja kutoka ziwani, za nzige wa miaka ile mibaya wakiwa wamefunika jua. Wakati wa vita, sahani za kioo za kunasia picha zilipokuwa adimu, alikuwa akienda porini na sahani chache mno na kurudi na baadhi hazijatumika, kwa kuwa hakuona kitu kilichostahili. Mara moja Momba ilifurika akiwa katikati ya kivuko. Alivuka akiishika lenzi juu ya kichwa kwa mikono miwili, akafika ng'ambo salama, na hapo ndipo alipogundua kwamba suruali yake imekwenda na maji.

Nimeyasema ya kuchekesha kwa sababu desturi ya sherehe hizi ni kuchekesha. Sasa naomba tutulie. Mzee Kibona ana jambo moja katika maisha yake ambalo halijaisha, nalo limetokana na lenzi hiyohiyo. Nimeruhusiwa kulieleza na wale wenye haki ya kuniruhusu.

Wasomaji wetu wa Tanga na Lindi wataniwia radhi, ni lazima nieleze desturi. Kwa Wandali, kama kwa jirani zao wengi, baba mkwe na mkazamwana hawaonani. Mwanamke akiolewa katika boma, baba wa mumewe haangalii uso wake, naye haangalii wa mzee. Wakikutana njiani mwanamke huingia kwenye majani na kujifunika. Ndiyo heshima yenyewe, na wala hakuna chuki ndani yake. Misheni imesema mara nyingi kwamba Mkristo anaweza kumsalimia mkwewe, na wako waliokubali, lakini katika ukoo wa Kibona walibaki na ya kwao. Kanisani mkwe alikaa nyuma kabisa upande wa wanawake, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Mzee Kibona na mama Tusekile walijaliwa mtoto mmoja, Lusubilo. Mwaka 1944 Lusubilo alimwoa Sekela, binti wa Ileje, na wakapata watoto wawili. Kisha, kama vijana wengi wa kwetu, akapita Tunduma kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba kule Rodezia. Mwaka 1948 zikaja habari kwamba mwamba ulimwangukia chini ya ardhi. Kaburi lake liko huko, na hakuna hata mmoja wa nyumbani aliyewahi kulitembelea. Sekela hakurudi kwa ndugu zake. Alibaki bomani na watoto, akalima kahawa na mama mkwe wake, na Tusekile ndiye aliyebeba maneno kati ya mkwe na mzee: chakula kiko tayari, mtoto ana homa, mzee anauliza mbegu.

Mwaka 1950 ofisi iliombwa picha za maisha ya watu kwa ajili ya maonyesho ya kilimo Mbeya, nazo zikiwemo za uchumaji wa kahawa. Andongwisye alizijua tabia za watu mbele ya kamera. Ukiwasogelea wanakakamaa kama wanasomewa hukumu. Kwa hiyo akachukua lenzi ndefu, akakaa upande wa pili wa bonde, mbali sana na mashamba, akangoja kama anavyongoja sheshe. Miongoni mwa wachumaji alimwona mwanamke mmoja kijana. Kitambaa kilikuwa kimemwanguka mabegani, kikapu kiko kiunoni, naye amerudisha kichwa nyuma anacheka kwa kinywa kizima. Akapiga.

Nilipoiosha picha ile nilijua tumepata kitu. Nyuma ya yule mwanamke lenzi ilikuwa imeivuta milima ya Mbozi ikasogea kama watu waliokuja kusikiliza kinachochekesha. Kule Mbeya ilitundikwa mlangoni, na Bwana Nyama alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Kibona, hii moja, mimi nataka kuona kila siku." Nakala nyingine Andongwisye aliitundika juu ya meza yake hapa ofisini. Asubuhi aliisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Wageni aliwaambia kwamba huyu mama, ambaye hamjui, ndiye anayemfungulia siku. Mwanawe alikuwa amekufa miaka miwili tu kabla ya hapo, na sisi tuliomwona akikaa kimya muda mrefu tulifurahi kwamba kuna kitu kinachompendeza macho.

Mwaka uliofuata mama Tusekile alikuja Vwawa kwa ajili ya dawa ya mguu, akapita ofisini kumwona mumewe. Nilikuwapo. Alisimama mlangoni, akaitazama picha, akaweka mkono mdomoni. Kisha akaivua kanga yake ya juu, akaenda ukutani, akaifunika ile picha kama mtu anavyomfunika aliye uchi. Akasema, "Baba Lusubilo, umemwona. Huyu ni Sekela."

Wenzangu wa makabila mengine walicheka, maana walidhani ni mzaha. Mimi ni Mnyiha, na hatuko mbali na mambo haya, sikucheka. Mtafahamu sasa kosa lilivyokuwa. Kwa miaka saba Sekela alikuwa mkwe katika boma lake, na Andongwisye hakuujua uso wake. Alimjua kwa mgongo na kwa kikohozi. Mtu mwingine yeyote angemtambua binti wa nyumbani kwake hata akiwa ng'ambo ya bonde. Yeye, kwa kuishika heshima barabara, ndiye peke yake ambaye hangeweza. Siku ile Sekela alikuwa amekwenda kumsaidia jirani yake, Felista, kuchuma, wala hakujua kwamba kuna jicho ng'ambo.

Tusekile hakuweza kulificha jambo kama hilo. Alipofika nyumbani alimwambia mkwewe. Kesho yake Sekela alifunga mizigo, akawachukua watoto, akarudi kwa kaka zake Ileje.

Andongwisye alilichukua jambo hili kwa uzito wa mtu aliyevunja nyumba yake kwa mkono wake. Alitoa beberu, akawaita wazee wa ukoo, akakiri kwamba amemwangalia mkwewe, na si mara moja, bali kila asubuhi kwa mwaka mzima. Wazee walisema mtu hana hatia kwa asichokijua, wakala beberu. Sekela hakurudi. Tangu hapo Mzee Kibona hakuielekeza lenzi ndefu kwenye boma, shamba wala kisima. Bwana Nyama mpya alipomhimiza apige tena maisha ya watu, alijibu, "Bwana, wanyama hawana wakwe." Bwana Nyama alicheka sana, akaisimulia Mbeya nzima, na hakuna aliyemweleza kwamba mzee yule hakuwa akitania.

Ile picha aliitoa ukutani, akaifunga pamoja na sahani yake ya kioo ndani ya kanga ileile ya Tusekile, akaniletea ghalani. Nilimuuliza kama tuivunje sahani. Alisema kwamba kuvunja uso wa mtu ni kubaya kuliko kuuona. Nikaiweka rafu ya juu.

Mama Tusekile alifariki mwaka 1953. Sekela alikuja msibani pamoja na watoto, akamlilia mama mkwe wake kama anavyoliliwa mama mzazi, na matanga yalipokwisha hakuondoka. Kahawa haikuwa na mtu, na wajukuu walikuwa wajukuu wa pale. Lakini sasa hakukuwa na wa kubeba maneno. Mzee alipokuja likizo, Sekela aliweka ugali nyuma ya nyumba, akakohoa, akakimbia. Likiwapo la kusema, aliwaambia kuku kwa sauti ya kusikika ukutani, akimwita mzee Tata, yaani baba: "Nyie kuku, mwambieni Tata paa linavuja upande wa ghala." Naye Mzee aliwajibu kuku kwamba amesikia. Siku moja aliniambia kwamba kuku wa kwake wana akili kuliko makarani wetu, na tukacheka wote wawili, kisha nikaona kwamba machozi yake yako karibu.

Ndipo likizo zake zikaanza kufupika. Aliomba kukaa kambini Rukwa hata miezi ambayo hakuna kazi. Watu wakasema anawapenda wanyama kupita kiasi. Anawapenda, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba mtu huyu alikuwa na nyumba asiyoweza kukaa ndani yake bila kumkimbiza aliyemo. Mwaka huu tulipoanza kuzungumzia kustaafu kwake, alisema hataki kurudi Mlowo. Atajenga kibanda karibu na kambi ya zamani, atavua samaki. Ana miaka hamsini na mitano, goti moja halikunji, na huko bondeni homa haimuulizi mtu alitumikia serikali miaka mingapi. Tulimwambia hayo yote. Alijibu kwamba afadhali homa kuliko kumfanya mwanamke mmoja akimbie mara mbili.

Mwezi wa Novemba Sekela alikuja Vwawa kwa miguu, Mzee akiwa safarini. Aliniomba vitu viwili. Kwanza alitaka kusema kwamba hawezi kukaa hivi. Mtu wa likizo unaweza kumkimbia, lakini mtu anayeishi pale kila siku utamkimbia mpaka lini, na ugali wa mzee utaliwa nyuma ya nyumba mpaka mvua gani? Ama desturi ifunguliwe mbele ya watu, ama yeye arudi Ileje na watoto, mzee apate nyumba yake. La pili, alitaka kuiona ile picha, kwa sababu watu wote wa Mbeya wameiona isipokuwa mwenyewe.

Niliishusha, nikaifungua kanga. Sekela aliitambua kanga kwanza, akaishika kidogo. Kisha akautazama uso wake kwa muda mrefu. Akasema kwamba anakumbuka: Felista alikuwa akimwigiza mnunuzi wa kahawa anavyotembea. Halafu akaanza kulia, na katika kulia kwake nikalielewa jambo ambalo sote hatukulielewa kwa miaka mitano.

Hakukimbia kwa sababu uso wake umeonwa. Hilo, alisema, lilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina mwenyewe. Alikimbia kwa sababu ameonwa anacheka. Alikuwa mjane wa Lusubilo, na baba yake Lusubilo alikuwa ameshika mkononi picha ya mke wa mwanawe akicheka kwa kinywa kizima kana kwamba hakuna aliyekufa. Alidhani kila asubuhi mzee anaitazama picha ile kwa uchungu. Alidhani imetundikwa iwe ushahidi. Mama Tusekile alibeba maneno yote kati yao, lakini hili hakulibeba, kwa sababu kila mmoja aliona aibu kulisema.

Nikamweleza nilichokiona kwa macho yangu. Nikamwambia kwamba mzee huyu alikuwa kama mtu aliyezimwa tangu kifo cha mwanawe, na picha ile ndiyo iliyomwasha kidogo. Nikamwambia jinsi alivyoisalimia asubuhi, na jinsi alivyowaambia wageni kwamba huyu mama anamfungulia siku. Sekela akafuta uso kwa pindo la kanga ya mama mkwe wake, akanipa maneno, akataka niyafikishe kwa njia itakayosikiwa na watu wote.

Wazee wa ukoo wa Kibona walikutana baada ya hapo, mchungaji akiwapo, na desturi wakaijadili kwa makini. Wamekubali ifunguliwe. Sharti lao ni moja. Desturi hii ni ya baba mkwe, kwa hiyo yeye ndiye wa kuifungua, kwa kumsalimia mkwewe kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Mkwe hawezi kuanza. Mzee Kibona aliambiwa hayo aliporudi safari. Alijibu kwamba hana mdomo wa kumsalimia mwanamke aliyemfukuza kwake kwa jicho lake, akaenda kufunga vifaa vya kujengea kibanda chake cha Rukwa. Wazee hawakumweleza aliyoyasema Sekela, kwa kuwa mwenyewe aliomba yasemwe leo. Mzee anayasikia kwa mara ya kwanza sasa hivi, pamoja nanyi.

Haya ndiyo maneno ya Sekela, sikuongeza wala kupunguza: "Mwambieni Tata, sikumsahau mwanawe. Nilicheka siku ile, na nilipofika nyumbani nikalia kwa kuwa nimecheka. Kama kicheko kile kilimsaidia, basi ni chake. Kuku wamechoka kutumwa. Wajukuu wanauliza kwa nini babu anakula peke yake, na mimi sina jibu."

Mzee Kibona, ofisi yako inakushukuru kwa miaka thelathini ya subira, kwa tembo wa Songwe walio hai, kwa kila sahani uliyoirudisha bila kuitumia kwa kuwa hukutaka kudanganya. Mimi nakushukuru kwa wali wa lenzi na kwa kunionyesha nchi yangu mwenyewe. Tunakuombea uzee wenye afya, goti lipone, kahawa izae, na wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Vifaa vya kibanda tumevitoa ndani ya lori bila idhini yako. Ukiona tumekosea tutavirudisha leo hii hii, na hakuna atakayekulaumu.

Mpigapicha mpya ameagizwa aiache kamera ofisini, kwa hiyo hakuna lenzi yoyote uwanjani. Sekela yuko safu ya mbele upande wa wanawake, kitambaa chake kiko mabegani. Hataondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Inua uso, Mzee. Sote tumenyamaza, tunasubiri umsalimie.